Ngazi ya Tano

Siku ya tatu ya likizo yangu nilimwona baba akishuka kwenye pikipiki uani. Alishika kiuno kwa mikono miwili, akainama, akabaki hivyo mpaka kuku wakaanza kumpita miguuni. Nilipomkaribia alijinyoosha haraka na kuniuliza kama nimeshakunywa chai.

Pikipiki yenyewe ni Honda XL 125 ya zamani. Baba alikuwa bwana shamba, aliinunua mnadani alipokaribia kustaafu, na tangu hapo ameiendesha kutoka Nkwenda hadi Kayanga, Nkwenda hadi Kaisho, Nkwenda hadi Murongo, ambako ukitazama ng'ambo ya mto Kagera unaiona Uganda. Alipoanza safari hizo kote huko kulikuwa Karagwe. Mwaka 2012 Kyerwa ikawa wilaya inayojitegemea. Mipaka ilihama, makorongo yakabaki.

Dada yangu alitaka iuzwe. "Apande bodaboda kama wazee wenzake," alisema kwenye simu. Mimi nikaahidi kwamba nitaitengeneza iwe laini. Haukuwa ushujaa. Niliogopa tu kuwa mtu wa kumwambia baba aache.

Nikaenda Kayanga kutafuta shokapu za nyuma. Duka la kwanza niliomba shokapu laini, muuzaji akatabasamu kama mtu aliyeombwa jembe lisilokata.

"Kaka, hapa tunauza za kubeba. Hizi unapakia magunia mawili na abiria juu, haziinami."

Duka la pili walisifu vivyo hivyo, na la tatu. Nilipotoka nje nikaona kwa nini. Barabarani ilipita pikipiki yenye mikungu ya ndizi pande zote mbili, ikafuata yenye kitanda, ikafuata yenye mama, watoto wawili na begi la kliniki. Kwetu pikipiki ni punda, na duka linauza kile ambacho mzigo unahitaji. Mgongo wa anayeendesha haumo kwenye hesabu. Hata hivyo nilinunua zile nene kuliko zote, kwa imani kwamba kitu cha bei kubwa hakiwezi kuwa kibaya.

Fundi wa Nkwenda alizifunga bila kusema neno. Baba akaenda sokoni na kurudi.

"Vipi, baba?"

"Ni imara," alisema. Kisha akala chakula cha jioni amesimama.

Kesho yake nilirudi kwa fundi. Aliniuliza swali ambalo hakuna duka lililoniuliza: "Mzee ana kilo ngapi?"

Sikujua. Baba, aliyekuwa nami, alijibu bila kufikiri kwamba ana sabini na mbili. Fundi alimtazama kwa heshima, kisha akasema si vibaya tukahakikisha. Tukaenda chama cha msingi, ambako kulikuwa na mizani ya kahawa. Baba alipanda, kofia mkononi. Karani akasoma: hamsini na sita.

"Hujafika gunia, mzee!" alisema, maana gunia la kahawa ni kilo 60. Watu wakacheka, baba naye akacheka. Mimi nilikuwa naitazama kola ya shati lake, jinsi ilivyokuwa mbali na shingo.

Tuliporudi, fundi alitoa shokapu za zamani kutoka kwenye kona alikozihifadhi na kunieleza kazi yake kwa maneno machache. Springi inabeba, oili inatuliza. Oili ikivuja, pikipiki inarukaruka kama mbuzi. Springi ikiwa ngumu kuliko uzito wa mtu, haibonyei, na kila jiwe linapanda moja kwa moja hadi kiunoni. Chini ya springi kuna pete yenye ngazi tano. Ukiipandisha, springi inabanwa tangu mwanzo, ili pikipiki isizame ikipakiwa.

Kwenye shokapu za baba pete ilikuwa ngazi ya tano. Kutu ilikuwa imeigandisha hapo.

"Mzee, nani aliipandisha hivi?"

"Mimi," baba alisema. "Kwa ajili ya mama yake huyu."

Mama alikuwa mtu wa mwili. Alikaa upande nyuma ya baba, kikapu cha maharage mapajani, na bila ngazi ile madgadi ingegusa tairi kila shimo. Mama alifariki miaka sita iliyopita. Tulimzika, tukagawana vitenge vyake, tukahamisha kitanda. Pete hakuna aliyeikumbuka. Baba aliendelea kuendesha pikipiki iliyopangwa kwa watu wawili, naye mwenyewe akipungua.

Fundi alipata Omurushaka shokapu zilizotumika, zenye urefu uleule tundu hadi tundu, waya wa springi mwembamba zaidi, oili haivuji. Akaweka ngazi ya kwanza. Alipima kwa rula pikipiki ikiwa tupu, kisha baba akiwa ameketi, mpaka akaridhika kwamba inazama karibu theluthi ya mwendo wake. Shokapu za mbele alizimwaga oili nyeusi kama masizi na kuzitia mpya, kipimo sawa kila mguu. Upepo wa matairi, uliojazwa kwa ajili ya mizigo, akaupunguza. Kwenye siti aliweka sponji ngumu chini na laini juu, kwa sababu laini peke yake, alisema, unaishia kukalia bati.

Kisha akapendekeza aikate siti iwe ya mtu mmoja, nyuma akae keria.

"Acha," baba alisema. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Na mtu akipanda nyuma?"

"Unazungusha tu pete, mzee, kwa spana hii."

Baba alichukua spana, akaifuta kwa shati, akaitia kwenye kijisanduku cha vifaa.

Siku ya kuondoka alinipeleka Omurushaka kupanda basi. Nina kilo themanini na begi. Mteremko wa kwanza tu tukagonga chini kwa kishindo. Akasimama, akatoa spana, akapandisha pete hadi ngazi ya nne, pande zote mbili.

"Nawe ni mzigo," alisema.

Tulipofika nilishuka, nikashika begi, nikamwaga. Basi lilikuwa bado linapakia. Kupitia dirishani nilimwona amepiga magoti vumbini kando ya tairi la nyuma, anashusha pete ngazi moja baada ya nyingine, hadi ya kwanza. Kisha akapanda, akaketi, akaelekea Nkwenda.