Ngara, Februari 1968

Februari 1968 mtaa wetu wa Ngara, Nairobi, ulijaa masanduku. Jirani yetu, fundi cherehani wa Kigujarati, alitandaza barazani vyote asivyoweza kubeba: sufuria za shaba, magodoro, hata cherehani chake cha miguu. Wanunuzi walijua ana haraka, wakampa bei ya kutupa. Mama alichagua sufuria moja, akalipa alichoambiwa bila kupatana.

"Fundi, kweli mnakwenda Uingereza?"

"Pasipoti yao ninayo, mama. Ila wanataka kutufungia mlango."

Pasipoti ile ya buluu ilikuwa na nembo ya simba, kama ya mkazi yeyote wa London. Lakini serikali ya Uingereza chini ya Harold Wilson ilipitisha sheria kwa siku chache tu, ikaanza kutumika 1 Machi: asiye na mzazi au babu aliyezaliwa au kuandikishwa uraia kule hana tena ruhusa ya kuingia huru. Rangi ya ngozi haikutajwa, na kila mtu pale Ngara alielewa. Fundi aliwahi ndege. Shemeji yake alikwama.

Nilipokwenda kusoma London ndipo nilipomjua Eric Lubbock, mmoja wa wabunge walioipinga sheria ile. Alikuwa mhandisi na mwanachama wa Liberal, aliyelinyakua jimbo la Orpington, ngome ya Conservative, mwaka 1962. Mwaka uleule wa 1968 mswada wake binafsi uliwapa Wagypsy haki ya kutengewa viwanja vya kuegesha makaravani yao. Wapiga kura walimtoa 1970. Mwaka uliofuata binamu yake akafariki, naye akarithi cheo cha Lord Avebury, pamoja na kiti katika Baraza la Malodi bungeni.

Siamini ukoo unampa mtu haki ya kutunga sheria. Ila nikiwa roshani ya wageni ya baraza hilo nilimsikia akiihoji serikali kuhusu wafungwa wa Bahrain, watu ambao hawangempa hata kura moja, nikamheshimu kwa moyo wote. Malodi wa kurithi zaidi ya 600 walipoondolewa 1999, yeye alichaguliwa kubaki miongoni mwa 92. Mwaka 2002, baada ya yeye na wenzake kudai kwa miaka mingi, sheria iliwaruhusu waliobaki na pasipoti zile, wasio na uraia mwingine, kujiandikisha kuwa raia kamili.

Alifariki 14 Februari 2016, bado akiwa mjumbe. Kiti chake miongoni mwa wale 92 kiligombewa na malodi saba wa kurithi. Wapiga kura walikuwa watatu.