Siku matokeo ya moko yalipoingia nyumbani kwetu

Tangu mwezi Machi nyumba yetu hapa Kilwa Masoko imekuwa ikiendeshwa kwa ratiba ya mtu mmoja. Binti yetu yuko kidato cha nne, na mwezi Julai alikuwa na mtihani wa utimilifu, huu ambao vijana huuita moko. Si mtihani wa cheti. Huutangulia ule wa taifa wa Novemba, unaosimamiwa na Baraza la Mitihani, ili mwanafunzi na walimu wake wajue amefikia wapi. Sisi wazazi, hata hivyo, tuliupokea kama hukumu.

Tulilipa mchango wa kambi ya masomo, ingawa pweza, ambaye ndiye riziki yetu, alikuwa adimu miezi hiyo. Kazi za jikoni tulimpunguzia. Ndoo za maji alikabidhiwa mdogo wake, aliyezipokea kwa manung'uniko. Kila baada ya Isha binti alikaa na daftari akisoma kwa sauti, ukurasa baada ya ukurasa wa Kiingereza, hata sisi tusiokijua tukaanza kuyakariri maneno. Tulifurahi. Alipokuwa mdogo alihifadhi Juzuu Amma chuoni kwa njia hiyohiyo, tukaona mwenye uwezo wa kuhifadhi namna ile hawezi kushindwa na kurasa za Historia. Tulisahau kwamba ustadhi wake hakuishia kwenye kuhifadhisha. Aliwakalisha watoto akawafasiria kwa Kiswahili, sura moja baada ya nyingine.

Mwezi Agosti matokeo yalibandikwa. Daraja la nne, pointi 30. Kwa anayetaka kidato cha tano, pointi hazitakiwi kuzidi 25. Alama zake za kuridhisha zilikuwa mbili tu, katika Kiswahili na katika Elimu ya Dini ya Kiislamu. Historia alipata F. Mwalimu wa somo alitufunulia karatasi yake. Swali lilitaka sababu za kuanguka kwa miji ya pwani ya Afrika Mashariki. Binti alikuwa ameandika mistari minne, na wa nne haukumalizika.

Hapo subira ilituishia. Huyu ni mtoto anayekiona Kisiwani kila siku kutoka bandarini, na likizo zake hulala huko kwa bibi yake, jirani na Gereza. Ni mji aliofika Ibn Battuta mwaka 1331, ambao magofu yake yamo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 1981. Wageni huvuka bahari kuja kuyatazama, na mwenyeji anashindwa kuyaeleza? Tulimwambia maneno mazito mbele ya wenzake, na hatutayaandika hapa.

Nyumbani tulifanya kubwa zaidi. Ilikuwapo posa ya kijana wa Kivinje, mwenye dini na kazi yake, tuliyokuwa tumeiomba isubiri hadi shule iishe ndipo tuzungumze. Usiku ule tulikubaliana kwamba baada ya swala ya Ijumaa tumwambie mshenga kuwa Desemba tuko tayari. Binti hakuulizwa. Tunajua dini inasema nini kuhusu idhini ya binti, tulijifanya tumesahau.

Alhamisi bibi yake alivuka kuja kununua mahitaji yake, akapita kwetu. Tulimsimulia yote, pamoja na habari ya posa. Hakutujibu. Alimwita mjukuu wake barazani.

"Hebu njoo, mama. Uliulizwa nini huko?"

Binti alianza kwa sauti ya chini, macho yakiwa sakafuni. Alieleza dhahabu ya Sofala na jinsi Kilwa ilivyotajirika kwayo. Masultani walivyogombea kiti. Wareno walivyoingia na merikebu zao mwaka 1505 wakaupora mji. Biashara ilivyoacha njia zake za zamani. Wazimba walivyouvamia mji mwaka 1587. Sauti ilikuwa imepanda, na sababu alikuwa akizihesabu kwa vidole. Adhana ya Magharibi ndiyo iliyomkatiza.

"Sasa asiyejua ni nani?" bibi aliuliza, akainuka kwenda kutawadha.

Baada ya swala tulimwuliza kwa nini hayo hakuyaandika. "Kwa Kiingereza sijui pa kuanzia, mama," alisema. "Nilikuwa nimekariri majibu ya swali jingine." Miaka saba ya shule ya msingi alifundishwa kwa Kiswahili, alipoingia sekondari, masomo karibu yote yakageuka Kiingereza. Zile karatasi mbili alizofanya vizuri ndizo zinazojibiwa kwa Kiswahili. Hilo lilikuwa mbele ya macho yetu tangu matokeo yalipobandikwa, nasi tukasema mtoto hapendi kusoma.

Ijumaa mshenga aliambiwa kwamba jibu letu ni lile la kwanza, na siku ya mazungumzo itakapofika atakayeulizwa kwanza ni binti. Yeye tulimwomba radhi. Haikuwa rahisi, maana wazazi wa huku hatukuzoea kumwomba radhi mtoto, na yeye hakujua aitikie nini.

Sasa kila jioni anaandika jibu moja kwa Kiswahili, kisha analigeuza kwa Kiingereza, sentensi fupifupi, kamusi ikiwa pembeni. Mwalimu mmoja jirani humsahihishia mara mbili kwa wiki. Kazi inakwenda polepole, na Hisabati bado ni F; kwa hiyo hatuna dawa.

Jana usiku alimaliza lile swali la miji ya pwani. Kurasa mbili na nusu. Baba yake alilichukua daftari, akaligeuza huku na huku chini ya taa, akamrudishia.

"Nisomee," alimwambia. "Kisha unieleze umesema nini."