Muguga, karantini ya miche

Ukipanda matatu ya Limuru kutoka Nairobi, baridi hukupokea kabla hujashuka. Muguga iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na abiria wengi hupita hapa wakielekea Naivasha bila kujua kwamba kando ya barabara hiyo kuna karantini. Wanaotengwa humo si watu. Ni mimea.

Kituo hicho ni cha Shirika la Kukagua Afya ya Mimea Nchini (KEPHIS), lililoanzishwa mwaka wa 1996. Mche wa ng'ambo unahitaji kibali kabla haujasafirishwa, cheti cha afya kutoka kwa wakaguzi wa nchi unakotoka, na mizizi isiyo na udongo. Hata hivyo, unaweza kuletwa hapa utengwe na kuangaliwa kabla ya kukabidhiwa mwenyewe. Kwangu mimi niliyezoea kuandika habari za wodi na maabara, msamiati wa hapa haukuwa mgeni: sampuli, dalili, kutengwa, cheti.

Nilikuja kwa sababu ya stroberi. Huku Kiambu zinapandwa shambani, kwenye vivungulio, hata kwenye magunia nyuma ya jikoni. Mkulima hahitaji mbegu. Mche mama hutoa vikono vinavyotambaa ardhini, na kila kikono huota mche mdogo ambao ni nakala kamili ya mama. Ndiyo sababu Chandler, aina iliyotolewa na Chuo Kikuu cha California mwaka wa 1983 na ambayo wakulima wetu wanaijua vyema, bado ni ileile. Lakini mama akiwa mgonjwa, naye mtoto huondoka na ugonjwa.

Baadhi ya magonjwa na wadudu huonekana. Mkaguzi hugeuza jani, kwa kuwa utitiri hujificha upande wa chini, na kwa kioo cha kukuzia huuona ukitembea kwenye utando mwembamba. Hutafuta vidukari kwenye majani machanga. Mche ukinyauka huku udongo una maji, huung'oa na kupasua shingo yake. Ndani pakiwa na rangi ya kahawia iliyoiva, kuna uozo.

Virusi ndivyo vinavyosumbua zaidi. Stroberi inaweza kubeba virusi vya aina moja ikabaki na majani ya kijani, isiwe na dalili yoyote. Vikikutana viwili au vitatu ndipo mmea unapodumaa na matunda kuwa madogo. Wataalamu wa nchi mbalimbali wana mbinu ya zamani ya kuvifichua: huchukua jani la mche unaoshukiwa na kulipandikiza kwenye stroberi ya mwituni, ambayo haivumilii virusi hivyo. Baada ya wiki kadhaa, ile ya mwituni huugua kwa niaba ya mwenzake. Siku hizi kuna vipimo vya maabara vya haraka zaidi, ila mimi nimeipenda hii ya zamani.

Kwa hiyo muuzaji anayekuambia "tazama ilivyo mizima" hajakuambia kitu. Muulize mama wa miche hiyo alitoka wapi, na alipimwa lini.

Swali hilo ni jepesi sokoni, si kwa jirani. Upande wa Tigoni, mama mmoja aliniita mwanangu, akanipa chai, kisha akanionyesha mistari yake. Miche ya kwanza alipewa bure na mwanachama mwenzake wa chama. Naye akagawia wengine, kama inavyostahili. Msimu wa pili matunda yalipungua, wa tatu yakawa madogo kama njegere. Mbolea aliongeza, maji aliongeza. Wenzake nao walikuwa wakilalamika hivyohivyo, kila mmoja akilaumu mvua.

Sasa ameng'oa nusu ya shamba na kuagiza miche iliyokaguliwa, ataipanda mbali na mistari ya zamani. Gharama yake ilimfanya atikise kichwa. Lakini hilo silo lililokuwa likimsumbua nilipomuaga. Jumamosi jirani alikuwa anakuja kuchukua miche 15 aliyoahidiwa tangu mwezi uliopita, kutoka mistari ileile ya zamani, na mama huyo hakuwa amejua atamwambia nini.