Njia ya Wadi Bani Awf

Jamaa zetu wa Oman wasemao Kiswahili hupenda, siku za mapumziko, kupanda milima ya Hajar kwa gari pamoja na watoto wao. Njia isifiwayo sana ni ile itokayo Al Hamra ikapanda hadi Sharaf al Alamayn, kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari, kisha ikashuka kuelekea Rustaq. Kwa miaka mingi lami iliishia pale juu, na mteremko wa changarawe ndio ulioipa njia hii sifa yake. Huku jabali, huku genge. Gari na liwe la kuvuta kwa magurudumu yote manne, na dereva ashuke kwa gea ndogo, kwani breki ikipata moto haishiki.

Njiani huonekana Bilad Sayt: nyumba za rangi ya mlima, mitende, na makonde ya ngazi ngazi yanyweshwayo kwa mfereji wa falaj. Twapenda wageni waingie kwa miguu. Kijiji ni maskani ya watu, si maonyesho.

Chini zaidi njia huingia katika wadi yenyewe. Hapo ndipo penye hatari. Mvua ikinyesha mlimani, maji hushuka ghafula hata palipo na jua. Aprili 2024 mafuriko ya Oman yalisomba gari lenye watoto wa shule, na wengine wao wakafa, Mwenyezi Mungu awarehemu. Basi baba aonaye wingu juu ya Hajar na ageuze gari, hata watoto wakilia. Na sheria ya nchi nayo humwadhibu avukaye wadi iliyojaa kwa kusudi.