Penseli ya Constable, Tezo ya Mjomba

Treni ya Harwich, huku Uingereza, ikishaondoka Manningtree, mto Stour unafunguka upande wa kushoto. Maji yakipwa linabaki tope la kijivu hadi ng'ambo, na mashua zimelala ubavu zikingoja maji yajae. Mimi mzaliwa wa Pangani siwezi kusoma gazeti kwenye safari hii. Natazama nje tu, kila Jumamosi.

Hapa ndipo kwao mchoraji John Constable, aliyezaliwa mwaka 1776 East Bergholt, juu kidogo ya mto. Baba yake alikuwa na kinu cha nafaka Flatford, na majahazi ya kubebea mzigo. Kiangazi cha 1813 na cha 1814 mchoraji huyo alizunguka na daftari la kuingia mfukoni, akichora kwa penseli kila alichokiona. Madaftari hayo mawili yapo London, katika makumbusho ya Victoria and Albert. Katika lile la 1814 kuna ukurasa wenye jahazi linaloundwa katika gati dogo la baba yake. Ukurasa wenyewe hauzidi kiganja, lakini ndio uliozaa picha ya rangi aliyoionyesha mwaka 1815: zana zimetapakaa chini, chungu kinafuka moshi, fundi yuko kazini. Miaka mia mbili imepita, na bado unaweza kuona kazi ilivyokuwa ikifanywa.

Kwetu, mjomba wangu aliunda mashua maisha yake yote na hakuchora hata mstari mmoja. Alilaza mkuku mchangani, akapima kwa shibiri na dhiraa, akarudi nyuma hatua kadhaa, akafumba jicho moja. Mataruma aliyatafuta porini, kwenye matawi yaliyopinda yenyewe. Siku moja aliushika mkono wangu akauburuta juu ya taruma. "Pitisha kiganja hapa, baba," akasema. Nikapitisha mara tatu, ndipo nikakisikia kile kivimbe ambacho tezo ilitakiwa ikile. Kisha akanipa pamba iliyolowa sifa nimsaidie kukalafati, na harufu ile ya mafuta ya papa haikunitoka vidoleni kwa siku mbili.

Sisemi kwamba elimu ya mjomba ilikuwa pungufu kwa kukosa karatasi. Constable asingeweza kuunda hata mtumbwi. Lakini elimu ya mkono huondoka na mwenye mkono. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, hauonekani tena baharini, na tunaoutaka leo tunauokoteza vipande vipande. Wala kuchora vyombo si jambo la kuletewa: nenda Kilwa, Songo Mnara au Gedi, utakuta majahazi yamechanjwa kwenye lipu za kuta za kale na watu walioyajua.

Siku hizi tunachora sana, ila tunachora tanga jeupe, mnazi na jua linalozama, kwa sababu ndicho mgeni anachonunua. Simlaumu mchoraji, ana watoto wa kulisha. Kinachoniuma ni kwamba katika picha hizo zote sijawahi kumwona fundi, wala pamba, wala mashua iliyo nusu, mataruma nje kama mbavu.

Mjomba amefariki. Mashua zake mbili bado zinavuka mlango wa mto kwenda kuvua, na hakuna karatasi yoyote inayoonyesha alivyoziunda.

Kwa hiyo nakuomba wewe uliye Pangani, Kipumbwi, Mafia au Lamu, unayejua kuchora: daftari la shule na penseli vinatosha. Nenda ukamwamkie fundi, uombe ruhusa, ukae kivulini umchore akiwa kazini, siku baada ya siku, hadi chombo kishushwe majini. Pembeni ya kila ukurasa andika tarehe na jina la fundi.