Jioni Yetu ya Kwanza Roma



Tangu tuliporudi, wengi wameniuliza tuliona nini Roma. Habari za kanisa la Mtakatifu Petro na Mlango Mtakatifu mtazipata kwa wengine waliokwenda huko mwaka 2025, mwaka wa Jubilei. Mimi nataka kuwasimulieni jioni yetu ya kwanza tu, maana yawahusu ninyi, hasa ninyi wanaume wenye nyumba.

Mimi na mke wangu tulikuwa tumetimiza miaka 40 ya ndoa. Watoto wetu walichanga fedha muda wa miaka mitatu, wakatuambia, "Baba na Mama, mmefanya kazi mno. Nendeni mkapumzike Roma siku nane." Nilitaka kukataa, kwa kuwa fedha zile zingetosha kununua ng'ombe kadhaa. Mke wangu akaniambia, "Baba, ng'ombe hao ungewachunga wewe, na maji yao ningeteka mimi." Nikanyamaza. Basi tukapanda treni ya umeme kutoka Dodoma mpaka Dar es Salaam, na huko tukapanda ndege.

Tulifika Roma alasiri, mwezi wa Juni, tukapewa chumba katika nyumba ya wageni ya masista, karibu na stesheni kubwa ya reli iitwayo Termini. Tukaweka mizigo, tukatoka kunyosha miguu kabla ya chakula. La kwanza kutushangaza lilikuwa jua. Kwetu Dodoma saa moja ya jioni giza limekwisha ingia, na kuku wamo bandani. Kule saa mbili ilipita, na jua lingali likiangaza mapaa ya nyumba. Mke wangu akauliza, "Hawa watu husali sala ya jioni saa ngapi?"

Haikupita saa moja tukapotea. Njia zile ni nyembamba, zapinda huku na huku, na nyumba zake zafanana. Lakini mimi nilikuwa mwalimu wa shule miaka mingi, na mwalimu hapendi kuuliza. Kila mke wangu aliponitazama nilisema, "Njia naijua." Mwisho akasema kwa upole, "Baba, nina kiu." Tukaenda penye kibanda cha vinywaji. Chupa ndogo ya maji, euro tatu! Nikapiga hesabu: karibu shilingi 9,000. Nikamwambia, "Mama, tungoje chakula." Hakujibu neno. Ninyi mliooa mwakijua kimya cha namna ile.

Tulipokata kona tukaona kando ya njia nguzo fupi ya chuma, kimo chake kama mtoto wa miaka saba. Ilikuwa na bomba lililopinda kuelekea chini, nayo maji yalitiririka bila kukoma, yakiingia katika tundu la chini. Mke wangu alisimama ghafula. Akaizunguka nguzo ile, akiipapasa juu na chini. Nikamwuliza atafuta nini. "Natafuta koki nifunge. Nani ameacha maji wazi hivi?" Wala hapakuwa na koki.

Mzee mmoja aliyekuwa akipita na mbwa wake akaelewa, akacheka. Akaziba mdomo wa bomba kwa kidole, mara maji yakaruka juu kwa tundu dogo lililo mgongoni mwa bomba, akanywa mwenyewe ili tuone. Kisha akamfanyia mke wangu ishara: kunywa, Mama.

Baadaye nilipata habari kwamba watu wa Roma huziita nguzo hizo "nasoni", maana yake pua kubwa. Walianza kuziweka katika miaka ya 1870, na leo zipo zaidi ya 2,000. Maji yake ni safi, na hakuna anayelipa. Msidhani kule hawajui ukame: mwaka 2017 mvua ilipungua sana, hata baadhi yake zikafungwa.

Mke wangu hakunywa. Aliweka mkono chini ya maji, akayaacha yapite. Nikaona machozi. Akasema, "Baba, walikumbuka lile korongo?"

Nilikumbuka. Miaka ya kwanza ya ndoa tulikaa kijijini, mahali ambapo kiangazi kikifika mwisho, maji hupatikana kwa kuchimba mchanga wa mto mkavu. Aliondoka saa kumi ya usiku, akangoja maji yachuruzike shimoni, akayachota kata kwa kata, akarudi na debe kichwani jua limekwisha panda. Mimi wakati ule nilikuwa darasani, nikiwafundisha watoto wa watu faida ya kunawa mikono.

Akaendelea, "Siku niliyoanguka nina mimba ya mtoto wetu wa tatu, jirani alikuja kukuita shuleni. Wewe ulimwuliza kwanza kama maji yamemwagika."

Ndugu wasomaji, mtoto yule alizaliwa salama, Mungu ashukuriwe, na ni mmoja wao waliotulipia safari. Lakini swali lile nilikuwa nimelisahau kabisa. Mwenzangu alikuwa amelibeba miaka yote, pamoja na debe. Sikuwa na la kujitetea. Nikasema, "Mama, nilikosa. Nisamehe."

Mkobani mlikuwa na chupa tupu tuliyopewa ndegeni. Nikaisuuza, nikaijaza, nikampa kwa mikono miwili. Katika miaka 40 hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumtekea mke wangu maji. Akanywa yote, akafuta midomo, akasema, "Asante. Sasa muulize huyu mzee njia."

Nikauliza, kwa kumwonyesha karatasi yenye jina la nyumba yetu. Kumbe tulikuwa karibu na chemchemi ya Trevi, akatupitisha hapo. Jengo lake lilimalizika mwaka 1762, lakini mfereji uletao maji ni wa zamani zaidi: Agrippa aliujenga mwaka 19 kabla ya Kristo, na urefu wake ni kama kilomita 20. Yasimuliwa kwamba askari walikuwa wakitafuta maji, na msichana mmoja ndiye aliyewaonyesha chemchemi. Amechongwa pale ukutani, akiwaonyesha kwa mkono. Mke wangu alimtazama sana. Akasema, "Kila mahali ni sisi tunaojua maji yalipo." Watu hutupa sarafu humo, nazo hukusanywa na kupewa Caritas ya Roma kwa ajili ya maskini. Naye akatupa moja.

Tulikula saa tatu na nusu, tambi na divai, tukalala.

Sasa tuko nyumbani. Uani tuna bomba, lakini ziko siku halitoi hata tone. Siku hizo mimi hufunga madumu kwenye baiskeli, nikaenda kupanga foleni kisimani pamoja na akina mama. Vijana hunicheka. Na wacheke.

Wewe, ndugu yangu, huna haja ya nauli ya Roma. Kesho alfajiri ukimsikia mke wako akitafuta ndoo gizani, usijifunike blanketi. Amka, uichukue wewe.