Indiketa Zilizokuwa na Haraka



Leo naomba niwasimulie habari ya pikipiki, na najua akina mama wengine watataka kuruka ukurasa. Msiruke, kwa sababu ndani yake yumo mtoto.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari hapa Kigali, na nyumbani ni Nyamirambo. Pikipiki yangu ni ya Kihindi, cc 125, si mpya. Kila Jumamosi asubuhi humpakia binti yangu wa miaka kumi na mmoja kumpeleka madrasa huko Biryogo, yeye na helmeti yake, mimi na yangu. Kwetu tunaendesha upande wa kulia, kwa hiyo nikitaka kukata kushoto inabidi nivuke njia ya wanaokuja mbele. Pale ndipo indiketa inapokuwa si pambo. Aliye nyuma yako asipojua unakwenda wapi, atakupita kwa kushoto wakati ule ule unaokata.

Balbu za zamani zilikuwa hafifu, mchana wa jua huzioni. Nikanunua taa nne za LED, ndogo, kali, za rangi ya machungwa, nikazifunga mwenyewe uani. Nilipowasha, zikaanza kupepesa kama jicho lililoingia mchanga. Binti yangu akashika saa akahesabu: mara 170 na kitu kwa dakika. Kipimo kinachokubalika kimataifa ni kati ya 60 na 120.

Sababu niliijua papo hapo, maana ndiyo kazi yangu. Kila balbu ya zamani ilikuwa ya wati 10, mbili kwa upande, jumla wati 20. Katika betri ya volti 12 hiyo ni zaidi kidogo ya ampea moja na nusu. LED mbili hazifiki hata sehemu ya kumi ya hapo. Sasa kile kidude kinachowasha na kuzima, mafundi hukiita flasha, kinahisi umeme unaopita ndani yake. Ukipungua sana, kinadhani balbu imeungua, nacho kinapepesa haraka ili kumwambia dereva akaangalie. (Flasha nyingine hazipepesi kabisa, taa inabaki imewaka tu.) Kwa hiyo pikipiki yangu haikuwa mbovu. Ilikuwa inatoa taarifa.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kubadili flasha, ukaweka ya elektroniki isiyojali umeme ni mwingi au mchache. Ya pili ni kuongeza rezista sambamba na taa, ile mizigo ya umeme ya bure, ili flasha ya zamani idanganyike kwamba balbu bado zipo. Fundi mzee wa mtaani aliniambia, "Mwalimu, badili flasha." Mimi nikamjibu kwa hesabu. Nilikuwa nimeshanunua rezista mbili zenye ganda la dhahabu, za omu 6, zimeandikwa wati 50, na sikutaka kuonekana nimepoteza pesa. Wallahi hiyo ndiyo sababu yenyewe, hakuna nyingine.

Nikazifunga chini ya kiti, moja kushoto na moja kulia, kwa kamba za plastiki. Kupepesa kukatulia. Nilifurahi sana, hata nikawasimulia wanafunzi darasani.

Wiki ya tatu, Jumamosi, tulikwama kwenye foleni ya kukata kushoto. Kulikuwa na lori limeharibika mbele. Indiketa ilikuwa inawaka muda wote huo, dakika kumi au zaidi. Binti yangu akanigusa bega. "Baba, panaungua." Nikamwambia ni lori. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti nyingine, "Baba, ni hapa nilipokaa."

Nilimshusha, nikasukuma pikipiki pembeni, nikafungua kiti. Plastiki ya mkia ilikuwa imelainika na kuingia ndani kama nta, na waya mmoja ulikuwa umepoteza ngozi yake. Hakukuwa na moto, alhamdulillah. Lakini tangi la petroli liko mbele ya kiti hicho hicho, na juu ya kiti alikuwa amekaa mtoto wangu.

Hesabu ambayo sikuifanya ni nyepesi, hata wa kidato cha pili anaifanya. Injini ikiwaka, umeme wa pikipiki hupanda kama volti 14. Kumi na nne mara kumi na nne, gawanya kwa sita, unapata wati 33 hivi. Hicho ni kipimo cha pasi ndogo ya kuchomea risasi! Ingawa inapumzika kila taa inapozima, nilikuwa nimeifunga juu ya plastiki. Zile wati 50 zilizoandikwa ni kwa rezista iliyofungwa kwa skrubu kwenye chuma kinachopoza. Na omu 6 hutumika zaidi kuziba nafasi ya balbu kubwa, kama za gari.

Nilirudi kwa fundi mzee. Hakusema neno, na ningependa angesema. Kijana wake wa kazi alikuwa mwanafunzi wangu zamani, nilimpa alama mbaya sana za fizikia, akaacha shule mwaka uliofuata. Yeye ndiye aliyeng'oa rezista, akaweka flasha ya elektroniki yenye waya wa tatu mweusi unaofungwa kwenye chuma. Faranga elfu tatu. Tukawasha kushoto: taa zote nne zikapepesa, kushoto na kulia kwa pamoja.

Nikaanza kusema flasha ni mbovu. Kijana akauliza, "Mwalimu, ile taa ya kijani hapa mbele, umeme wake unarudi wapi?"

Sikuwa na jibu. Pikipiki yangu ina taa moja tu ya kijani kwa pande zote mbili, imefungwa katikati ya waya wa kushoto na waya wa kulia. Ukiwasha kushoto, umeme unapita kwenye hiyo taa ya kijani, unaingia upande wa kulia na kushuka ardhini kupitia balbu za huko. Balbu za zamani haziwaki kwa umeme mdogo hivyo. LED zinawaka. Rezista zangu zilikuwa zikiuficha ugonjwa huu kwa kuupa umeme huo njia nyingine.

Akachukua dayodi mbili aina ya 1N4007, akaunganisha moja kutoka kila upande kuja kwenye mguu mmoja wa taa ya kijani, mistari ya dayodi ikielekea kwenye taa, na mguu wa pili akaufunga kwenye chuma. Umeme unaingia, haurudi. Nilimlipa, nikamwomba radhi kwa jambo ambalo yeye alisema halikumbuki. Sidhani kama alisema kweli.

Binti yangu alihesabu tena: 84.

Flasha hii mpya ina kasoro moja, wenye pikipiki mjue. LED ikifa haitakwambia, itaendelea na mwendo ule ule. Kwa hiyo kila Jumamosi kabla ya kuondoka mimi nawasha, yeye anazunguka pikipiki na kuita kwa sauti: mbele kushoto ipo, nyuma kushoto ipo. Akimaliza ndipo anapovaa helmeti.